Massey Ferguson 35 ya marehemu mzee: injini imetoka ovaholi lakini ni nzito mno kuzunguka. Naombeni msaada kabla watu hawajalivuta

Mwana wa Pandambili

Wakuu, habari za jioni. Mbukwenyi kwa ndugu zangu wa Dodoma.

Nina trekta la marehemu mzee, Massey Ferguson 35, lile jekundu lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Lilikaa nyuma ya ghala hapa Pandambili miaka mingi, bomba la moshi liko wazi, mvua za kila Desemba zinaingia moja kwa moja. Injini ilikuwa imekamata kabisa. Tulitoa nozeli (vinyunyizi vya dizeli), tukamimina kwenye matundu yake asetoni na oili ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, tukaacha wiki kadhaa huku tukiongeza kila ilipopungua. Ikaachia. Nikaishusha, nikaipeleka mjini kwa fundi: krenki (shafti kuu ya injini) ikachongwa, zikapigwa laina (kuta za ndani za silinda) mpya, zikaingia pistoni, ringi na beringi mpya. Nikarudishiwa ikiwa imeshafungwa, nikaipachika kwenye trekta.

Sasa shida. Nikipiga stata inalia "ko!" mara moja na kunyamaza, na waya za betri zinapata moto. Betri ni mpya, tumeijaribu kwenye Fuso ya jirani inawasha bila tabu. Nikiweka spana kwenye nati ya puli ya krenki na kuichomeka bomba refu, injini inazunguka, lakini kwa kuvutana nayo kweli kweli. Haijakwama, ni nzito.

Hapa kijijini wote wanasema nilifunge kwenye trekta la jirani, niweke gia ya tatu, livutwe liwake. Roho yangu inakataa. Mzee alilima nalo mashamba ya watu kutoka hapa mpaka karibu na Sejeli, na sitaki liishie mikononi mwangu. Naombeni mawazo.

Kibaigwa Mjini

Pole kwa kazi, kaka. Mimi kwa uzoefu wangu injini iliyotoka ovaholi lazima iwe nzito, ringi bado hazijakaa. Ya kwetu tuliishtua kwa kuvuta kuanzia sokoni mpaka barabara kuu, ikawaka, na ililima msimu mzima. Usiogope sana.

Fundi Dizeli Kizota

Mwana wa Pandambili, usilivute. Kaka wa Kibaigwa hajakosea kwamba injini mpya ina uzito wake, ila kuna uzito wa kawaida na uzito wa ugonjwa, na kuvuta hakuwezi kukuonyesha tofauti. Trekta linalovuta lina nguvu ya kuizungusha injini yako hata kama kuna beringi imebanwa mpaka oili haipiti. Beringi ya namna hiyo ikizungushwa kwa nguvu inapata moto, inang'ang'ania krenki na kugeuka kwenye kiti chake. Ikishageuka, tundu la oili linaziba, na krenki uliyolipia kuchonga inarudi kuchongwa tena, kama bado ina nyama ya kuchongwa.

Injini nzito unaigawa. Unaondoa kitu kimoja kimoja na kupima kila hatua, mpaka uzito wenyewe ukuonyeshe unakaa wapi. Usipime kwa kuhisi mkono, mkono unachoka na kudanganya. Tafuta mizani ya ndoano, ile wanayopimia magunia. Weka spana kwenye nati ya puli, fanya mkono wa nusu mita kamili kutoka katikati ya nati, tundika mizani pale, vuta taratibu ukisoma namba wakati injini inazunguka, siyo wakati inaanza. Zungusha upande wa saa ukiwa umesimama mbele ya trekta, ndivyo Perkins hii inavyozunguka, na kwa upande huo nati haitalegea.

Kisha fuata hivi.

Kwanza toa gia, kanyaga klachi mpaka chini, mtu aishikilie. Uzito ukipungua sana, tatizo liko nyuma: klachi, gia boksi au PTO (shafti ya nyuma inayoendesha zana). Usipopungua, toa mkanda wa feni. Pampu ya maji iliyokaa na kutu au dainamo iliyokamata inaweza kukusumbua siku nzima. Zungusha feni na dainamo kwa mkono peke yake usikie.

Halafu fungua stata kabisa, iweke chini. Kuna wakati jino la stata linabaki limeng'ata flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya krenki), na mtu anahangaika na injini nzima kwa kosa la stata.

Baada ya hapo toa nozeli zote tatu. Hapo umeondoa mgandamizo wa hewa. Na kaeni mbali na matundu mnapozungusha mara ya kwanza! Kama kulikuwa na maji au dizeli juu ya pistoni, vitaruka. Maji hayagandamizwi kama hewa. Hata kiasi kidogo kinaisimamisha injini, na ukivuta na trekta konrodi, ule mkono unaounga pistoni na krenki, inapinda.

Ukifika hapo na bado ni nzito, zungusha polepole mizunguko miwili kamili, weka alama ya chaki kwenye puli, na unisimulie uzito unakuja vipi. Hili ndilo la maana kuliko yote. Ukija sehemu moja ileile mara moja kwa kila mzunguko, nitashuku krenki iliyopinda au konrodi. Ukija mara mbili kwa mzunguko, tazama silinda: pistoni inapita mahali pabaya ikipanda na inapapita tena ikishuka. Ukija mara moja kwa mizunguko miwili, huo ni upande wa kamshafti (shafti inayofungua valvu), valvu au pampu ya dizeli, kwa sababu hivyo vinazunguka nusu ya mwendo wa krenki. Na ukiwa mzito sawasawa mwanzo mpaka mwisho, bila kupanda wala kushuka, tutazungumza mambo ya beringi kuu, washa za kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma, sili ya nyuma, au ringi zilizobana.

Leta namba.

Bi Alizeti, Singida

Fundi, shikamoo. Nakuuliza hilo la pampu. Sisi tuna Massey 135, ilisimama msimu mmoja tu, fundi akasema pampu ya dizeli imekamata. Pampu inawezaje kukamata wakati haijafanya kazi?

Fundi Dizeli Kizota

Marahaba, dada. Pampu hiyo iliyotengenezwa na CAV inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Ndani kuna chuma kinachozunguka ndani ya chuma kingine kwa nafasi ndogo mno. Tangi likiwa na maji chini, yale maji yanakaa ndani ya pampu, na kutu kidogo tu inatosha kuishika. Ndiyo maana trekta linalosimama liachwe na dizeli safi, na kile kikombe cha filta kifunguliwe maji yatoke. Ikishakamata msiizungushe kwa injini, shafti yake ya ndani itakatika. Itoeni ipelekwe kwa mtu wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Na kabla ya kuitoa hakikisheni mstari kwenye flenji ya pampu na mstari kwenye kifuniko cha taimingi vinaonekana. Kama havionekani, pigeni alama yenu.

Mzee wa Mlali

Vijana, nimefurahi kuona kuna mtu anahangaikia 35. Perkins ya silinda tatu iliingia kwenye trekta hilo mwishoni mwa 1959. Kabla yake ya dizeli ilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, na asubuhi ya baridi ilikuwa mateso kuiwasha. Hii ya silinda tatu ndiyo iliyolipa jina. Kipenyo cha silinda inchi 3.6, mwendo wa pistoni inchi 5, lita mbili na nusu. Ina beringi kuu nne, kwa hiyo krenki imeshikwa vizuri, na ndiyo maana hadi leo zinalima.

Mimi nina mambo mawili. La kwanza, sili ya nyuma ya krenki kwenye injini hizi za zamani ni ya kamba, inakaa kwenye nyumba ya vipande viwili. Kamba mpya ikifungwa kavu, au ikiachwa ncha zake ndefu kupita kiasi, inaishika krenki vibaya sana. Inatakiwa ilowekwe oili kwanza, ikandamizwe ikae, ndipo ifungwe. Hata ikifungwa vizuri itaongeza uzito kidogo siku za mwanzo, huo usiwaogopeshe.

La pili ni vumbi. Udongo wetu wa Kongwa ni adui wa chuma. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga hapa mwaka 1947 walikuja na matrekta ya kila aina, mengine yametolewa mabaki ya vita huko Ufilipino, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta, vikiitwa Shervick. Mvua ikikatika udongo unakuwa mgumu kama saruji, na mchanga wake unakula majembe. Mradi ulifutwa 1951. Mchanga huo ukiingia kwenye injini unafanya hivyohivyo kwa ringi na laina. Kwa hiyo kijana, kabla hujawasha, fungua ile filta ya hewa yenye bakuli la oili, osha wavu wake kwa dizeli, weka oili safi mpaka kwenye alama. Na mpira unaotoka filta kwenda injini usiwe na ufa hata mmoja.

Mwana wa Pandambili

Mzee, shikamoo. Nashukuru sana, filta nimeifungua leo. Chini ya bakuli kulikuwa na tope lililokauka likawa kama kigae, nimelitoa kwa bisibisi.

Fundi, namba hizi hapa. Mizani ya magunia, mkono wa nusu mita:

Kila kitu kikiwa kimefungwa, kilo 31, ikipanda na kushuka. Klachi chini, haikubadilika. Mkanda wa feni nje, 30. Stata nje, bado 30. Nozeli nje, 26, na kule kupanda na kushuka kukaisha. Hakuna maji wala dizeli iliyoruka.

Nimezungusha na chaki kama ulivyosema. Ni 26 mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mahali inapolegea, hakuna mahali inapozidi. Nikiacha kuvuta inasimama palepale, hairudi hata kidogo.

Fundi Dizeli Kizota

Kazi nzuri sana. Hiyo 26 iliyonyooka imetupa jibu kubwa. Silinda ingekuwa na kasoro usingepata namba moja. Valvu zingekuwa zinagonga ungesikia. Kitu kinachoshika sawasawa digrii zote ni kitu kinachoizunguka krenki pande zote.

Ringi pia zinaweza kushika sawasawa, kwa hiyo muulize aliyefunga kama alipima pengo la ringi ndani ya laina. Kanuni ya gereji ni inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, kwa hiyo silinda ya 3.6 inataka karibu milimita 0.36. Ringi isiyo na pengo inatanuka ikipata moto, ncha zinagusana, inachana laina. Tena laina za injini hizi ni kavu, zinasukumwa kwa presi ndani ya bloku. Zipo zinazokuja zimekamilika na zipo zinazotakiwa kuchongwa baada ya kuingia. Mtu akizichanganya, pistoni inabanwa.

Ila mimi naanza na beringi kuu. Trekta hili halina chasisi, injini yenyewe ndiyo mwili, kwa hiyo kufungua sampo (bakuli la oili chini ya injini) pale lilipo ni taabu na ni hatari. Ishusheni injini tena. Igeuzeni, fungueni sampo, kisha hivi: legeza kepu (kifuniko kinachoishika krenki kwenye kiti chake) moja ya beringi kuu nusu mzunguko, pima kwa mizani, ikaze tena kwa renchi ya torki, nenda nyingine. Usilegeze mbili kwa pamoja, utapoteza ushahidi.

Na kabla hujagusa boliti hata moja, soma namba zilizogongwa kwenye kepu na piga picha.

Kibaigwa Mjini

Fundi nimekuelewa. Mimi kwangu hakuna aliyepima, tulivuta tu. Nauliza, kepu si zinafanana? Ikikaa popote kuna shida gani, maadamu beringi ni mpya?

Fundi Dizeli Kizota

Zinafanana kwa macho tu, kaka. Kiwandani kepu hufungwa kwenye bloku kwanza, ndipo tundu la krenki linachongwa mara moja, kepu na bloku vikiwa kitu kimoja. Kepu ya namba 2 imezaliwa na kiti cha namba 2. Ukiihamishia kiti cha 3, au ukiigeuza mbele ikawa nyuma, tundu haliwi duara tena. Linaweza kupishana kwa kiasi ambacho jicho halioni, lakini nafasi ya oili nayo ni ndogo kiasi hichohicho. Konrodi ni vilevile: konrodi na kepu yake vina namba moja, na namba zikae upande mmoja.

Mwana wa Pandambili

Wakuu, nimepata!

Tumeishusha, tukaigeuza kwenye stendi ya mbao, sampo nje. Nilifuta kepu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikamulika tochi kwa ubavu ili namba zitoke. Ya kwanza kutoka mbele imegongwa 1. Inayofuata imegongwa 3. Inayofuata imegongwa 2. Ya nyuma 4.

Sikubadilisha kitu kwanza, nilifuata utaratibu. Kulegeza ya kwanza, mizani haikusogea. Kulegeza iliyokaa kiti cha pili, ikashuka mpaka 17. Nikaikaza, nikalegeza iliyokaa kiti cha tatu, 16. Ya nyuma, 25.

Halafu nikazitoa hizo mbili. Ganda la beringi la kiti cha pili lina mng'ao upande mmoja tu, ukanda mwembamba kama upana wa kidole kidogo karibu na maungio, na kwingine kote bado lina rangi yake ya kijivu ya dukani. La kiti cha tatu limeng'aa upande wa pili wake. Krenki yenyewe haina mkwaruzo unaoshika ukucha.

Fundi Dizeli Kizota

Mungu amekuangalia. Ungelivuta, huo mng'ao ungekuwa shaba iliyochanika.

Nunua maganda mapya kwa viti hivyo viwili, saizi ileile ya krenki ilivyochongwa, soma namba nyuma ya ganda usiamini boksi. Safisha viti viwe vikavu nyuma ya ganda, mbele ya ganda paka oili. Rudisha kila kepu kwake, na namba zikae upande zinaokaa za 1 na 4. Kaza kwa hatua, torki ya kitabu, na baada ya kila kepu zungusha krenki. Kila kepu! Ikibadilika ghafla umeshajua ni ipi. Ukimaliza sukuma krenki mbele na nyuma kwa bisibisi kubwa, lazima icheze kidogo sana, na upime kwa fila geji ulinganishe na kitabu. Isipocheza kabisa, washa ni nene.

Konrodi zisome namba palepale, maadamu uko chini.

Mwana wa Pandambili

Konrodi ziko sawa, 1, 2, 3, na namba upande mmoja. Pengo la ringi nilimuuliza fundi wa mwanzo, akasema alipima, na kwa kuwa ile 26 ilishuka baada ya kepu tu, namwamini kwa hilo.

Matokeo: kepu zote mahali pake, nozeli nje, kilo 8. Nilitoa nyumba ya sili ya nyuma kwa majaribio ikawa 6. Kwa hiyo kamba mpya ya Mzee wa Mlali inachukua kama kilo mbili, nimeilowesha oili upya na kuirudisha.

Mzee wa Mlali

Hapo sawa. Sasa usiwashe kwa papara. Nozeli zikiwa nje piga stata vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Injini iliyokaa wazi mabomba yake ya oili ni makavu.

Mwana wa Pandambili

Nimefanya hivyo, mzee. Stata iliizungusha kwa wepesi ambao sijawahi kuusikia kwenye trekta hili tangu utoto. Geji ikapanda. Nikarudisha nozeli, tukatoa upepo kwenye filta, kwenye pampu, mwisho kwenye bomba za nozeli, mdogo wangu akiwa kwenye stata. Moshi mweupe, ikakohoa silinda moja, zikafuata mbili, ikakaa. Mama alitoka jikoni na unga mikononi akasimama hapo mpaka tulipoizima.

Nafasi ya valvu nimeiacha kwenye milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Sasa niifanyeje saa za mwanzo? Wengine wanasema iachwe ikiunguruma bila kazi siku nzima.

Fundi Dizeli Kizota

Hapana, isiungurume bure. Ringi zinakaa kwa kazi. Bila mzigo laina zinapata utelezi wa kioo na itakula oili maisha yake yote. Ipashe moto, angalia maji na oili hazivuji, kisha ipe kazi nyepesi: vuta tela tupu, halafu tela lenye mzigo kidogo, ukibadilisha mwendo. Ikishapata moto vizuri mara ya kwanza, iache ipoe, kaza tena boliti za hedi kwa mpangilio wa kitabu na upime valvu upya. Oili ya kwanza imwage mapema pamoja na filta, ichuje kwenye kitambaa cheupe uone kuna nini. Jembe la diski lisubiri kwanza.

Bi Alizeti, Singida

Hongera sana, Mwana wa Pandambili. Mizani nimeshaazima kwa mnunuzi wa alizeti. Kesho tunatoa pampu ya 135, nitaleta namba hapahapa.